Mgonjwa yuko ICU na flaski iko mkononi: fanya hivi kabla hujampa chochote

Kama wasoma hii ukiwa umekaa kwa benchi nje ya ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, flaski ya supu katikati ya miguu na mfuko wa kemisti ndani ya mkoba, basi nimekuandikia wewe. Mimi ni nesi hapa Mombasa, miaka mingi nimekuwa upande wa ndani wa ule mlango ambao nyinyi mwasubiri ufunguliwe, na kila wiki, sisemi kila mwezi, kila wiki kuna jamaa anakuja na kitu cha kumuongezea mgonjwa nguvu. Mkebe wa protini. Chupa ya mafuta ya habasoda. Unga wa mlonge uliofungwa kwa gazeti. Tembe za zinki, za vitamini C, za kuongeza damu. Na wote wanakuja kwa mapenzi, hilo sina shaka nalo hata kidogo, manake mtu havuki feri kutoka Likoni jua la saa saba na flaski mkononi kama hampendi anayemwendea.

Lakini ICU si kama nyumbani. Mtu aliyechoka ukimuongezea chakula na vitamini anapata nafuu, mtu mahututi aliye kwa mashine ya kupumua mwili wake umebadilika kabisa, sukari inapanda bila kula, misuli inayeyuka hata akilishwa, utumbo umelala, na zile seli nyeupe za kupigana na vijidudu zimechanganyikiwa. Kwa mtu kama huyo chakula ni dawa, kina dozi yake, kina njia yake na kina saa yake. Ukizidisha ama ukipitisha mahali sipo, umefungua mlango wa infeksheni, na kuna wagonjwa tunaowapoteza ICU si kwa kile kilichowaleta, bali kwa infeksheni iliyowakuta kitandani.

Hapa chini ni vile ningemwambia mtu wa nyumbani kwetu afanye. Haichukui nafasi ya daktari wa mgonjwa wako, yeye ndo anajua faili lake, hii ni ya kukusaidia kuuliza maswali ya maana.

Hatua ya kwanza: uliza yuko vipi kabla ya kuuliza amekula nini

Swali la kwanza la jamaa huwa "amekula?" na tukisema bado wanakasirika, wanaona mgonjwa ameachwa na njaa. Naelewa sana. Ila uliza hivi: presha imetulia ama bado? Yuko kwa dawa za kupandisha presha? Paipu ya puani ishawekwa na mmehakikisha iko tumboni? Hayo matatu ndo yanaamua.

Kawaida mgonjwa wa ICU ambaye hawezi kula kwa mdomo anaanzishiwa chakula cha paipu ndani ya masaa 24 hadi 48, akishatulia. Kama presha iko chini sana na dawa za kuipandisha zinaongezwa kila saa, mwili umeondoa damu kwenye utumbo umeipeleka kwa moyo na ubongo, sasa ukijaza utumbo ambao hauna damu ya kutosha unaweza kuuharibu, kipande kikafa ndani kwa ndani. Wafaransa walilipima hili, utafiti wa NUTRIREA-2 uliotoka 2018, wagonjwa 2,410 waliokuwa kwa mashine na dawa za presha, waliolishwa tumboni mapema kwa kiwango kamili wakapata shida ya utumbo kukosa damu 19, wale waliolishwa kwa mshipa 5. Idadi ndogo ndio, lakini utumbo uliokufa ni operesheni na mara nyingi ni msiba. Kwa hivo ukiambiwa "tungojee presha itulie kwanza", hiyo si kutojali, tafadhali wape hayo masaa.

Na tukianza twaanza polepole. Hasa kama mgonjwa alikuwa hajala vizuri wiki nzima kabla ya kuletwa, ama ni mtu wa pombe ya mnazi kila siku, ama amekonda na kansa. Mtu kama huyo ukimjazia chakula kwa ghafla, madini ya damu hasa fosfeti na potasiamu yanaporomoka, moyo unaweza kusimama. Anahitaji vitamini B1 kabla sukari haijaanza kumiminwa, na damu ipimwe kila siku. Kwa hivo sema ukweli wote wa nyumbani: siku ngapi hakula, anakunywa pombe ama hanywi, amekonda kiasi gani, nguo zake za Idi iliyopita bado zamkaa? Usione haya. Nishaona familia imeficha habari ya pombe kwa sababu shehe alikuwa amesimama pale pale, mvute daktari kando umwambie, si lazima iwe mbele ya watu.

Hatua ya pili: tumbo kwanza, mshipa baadaye

Kuna jamaa wanataka "ile dripu ya maziwa", yule mfuko mweupe unaopita kwa laini kubwa ya shingoni, yaani paipu iliyo ndani ya mshipa, wanaona ndo chakula cha nguvu na wako tayari kulipa. Mfuko ule una kazi yake, mtu utumbo umetoboka ama umekatwa sehemu kubwa hana njia nyingine. Lakini kuuharakisha bila sababu ni hatari. Ubelgiji mwaka 2011 walichukua wagonjwa 4,640, nusu wakaongezewa chakula cha mshipa mapema, nusu wakasubirishwa mpaka wiki ipite. Waliosubiri ndo walitoka ICU haraka, na infeksheni kwao zilikuwa asilimia 22.8, kwa walioharakishwa asilimia 26.2. Yaani chakula zaidi, infeksheni zaidi. Mimi hilo lilinibadilisha sana, manake na sisi manesi tulikuwa twaamini mgonjwa asikae bila kalori kamili hata siku moja.

Kwa nini iwe hivo? Kwanza ule mchanganyiko wa sukari na mafuta vijidudu vyaupenda kushinda sisi, ukiingia kijidudu kimoja kwa kiungio cha laini kimepata karamu iko moja kwa moja ndani ya damu. Pili sukari ya damu yapanda na seli nyeupe zikizama kwa sukari zafanya kazi ovyo. Tatu mwili ukiwa kwenye mshtuko una njia yake ya kujisafisha, seli zala uchafu wao wenyewe, na inaonekana chakula kingi mapema kinazima huko kujisafisha.

Lakini nikueleze upande wa pili nao: Uingereza mwaka 2014 walilinganisha njia mbili hizo kwa wagonjwa 2,400 na vifo havikutofautiana, kwa hivo si kwamba mfuko mweupe ni sumu. Kama daktari ameuamua na amekuambia sababu, kubali. Ila usiudai wewe.

Hatua ya tatu: toa vyote vilivyo kwa mkoba, kimoja kimoja

Hapa ntakaa kidogo manake hapa ndo pana shida yenyewe. Vitoe, viweke mezani mbele ya nesi ama mtaalamu wa lishe, na useme "hivi ndo nilivyoleta na hivi ndo alikuwa akitumia nyumbani". Hata kama ushampa, sema. Hakuna atakayekugombeza, na kama yuko wa kukugombeza, sema hivo hivo.

Mkebe wa "kinga" wenye glutamini. Glutamini ni moja ya chembe zinazojenga protini, ambayo mwili huishiwa ukiwa mahututi, kwa hivo watu walidhani ukiirudisha mgonjwa atapona, ni mawazo ya maana kabisa. Wakaijaribu kwa wagonjwa 1,223 katika ICU 40 za Kanada, Marekani na Ulaya, wagonjwa ambao viungo zaidi ya kimoja vimefeli. Matokeo yalitoka 2013: ndani ya siku 28, kati ya waliopewa glutamini walikufa asilimia 32.4, wasiopewa asilimia 27.2, na miezi sita baadaye tofauti ilikuwa bado ipo wazi. Mwaka uliofuata Ulaya wakajaribu maziwa ya paipu yaliyotiwa vyote pamoja, protini nyingi, glutamini, mafuta ya samaki, madini ya seleniamu, wagonjwa 301. Infeksheni hazikupungua hata kidogo, asilimia 53 huku na 52 huku, na kwa wagonjwa wasiokuwa wa operesheni wala ajali, vifo vya miezi sita vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa hayo maziwa maalum. Kwa hivo mkebe ukiandikwa "husaidia kinga", usisome mbele, urudishe kemisti kama haujafunguliwa.

Protini yenyewe. Ndio mgonjwa anahitaji protini, na iko tayari ndani ya chakula tunachompa, imepigiwa hesabu kwa kilo zake. Kuongeza mara mbili hakumtoi haraka, utafiti mkubwa wa 2023 wa wagonjwa 1,301 ulionyesha hivo, na kwa wale figo zimeguswa ilionekana kuwadhuru. Na ICU figo ndo za kwanza kulalamika. Kijiko chako cha unga wa mazoezi ya jimu, kile ndugu yake amekitoa nyumbani Bamburi, kinaingia kwa mgonjwa ambaye labda kesho apelekwa dialisisi, kusafishwa damu kwa mashine.

Vitamini C. Wakati wa korona kila nyumba hapa ilikuwa na ndimu na tangawizi kwa sufuria, na ile imani imebaki. Kwa mtu mzima mwenye afya haina neno. Kwa mgonjwa wa sepsisi, yaani infeksheni iliyoingia damuni na presha ikaanguka, walijaribu dozi kubwa za mshipa kwa watu 872, matokeo yakatoka 2022: waliokufa ama viungo vikabaki vimefeli ni asilimia 44.5 kwa vitamini na asilimia 38.5 bila vitamini. Usimsukume daktari ampige sindano za vitamini C kwa sababu umeona video.

Tembe za damu, yaani madini ya chuma. Hili nataka lisikike kwa nguvu kwa sababu hapa kwetu akionekana mweupe macho tu, mtu wa kwanza kuja na tembe za damu ni shangazi. Vijidudu vyahitaji chuma ili vizaane. Mwili wajua, ndo maana ukiwa na infeksheni mwili hukificha chuma, hukifungia ndani ya seli visikipate, ndo kipimo kikionyesha chuma kidogo kwa damu ya mgonjwa mahututi mara nyingi hakijaisha, kimefichwa. Ukimimina tembe, wavilisha adui. Na tusiende mbali, hapo Pemba, ng'ambo tu ya maji, walifanya utafiti kwa watoto mahali penye malaria, wakachapisha 2006: waliopewa chuma na foliki kila siku walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 12 wa kufa ama kulazwa kuliko wasiopewa, ikabidi wazisimamishe. Wale waliokuwa kweli wana upungufu wa chuma na damu kidogo, wao wakafaidika. Hao walikuwa watoto wa majumbani si wagonjwa wa ICU, lakini jambo ni lile lile, pima kwanza ndo upe.

Probayotiki na mtindi. Ati "bakteria wazuri". Walijaribu kwa wagonjwa 2,653 walio kwa mashine ya kupumua, matokeo ya 2021, nimonia ilikuwa asilimia 21.9 kwa waliopewa na 21.3 kwa wasiopewa, hakuna tofauti. Ila wagonjwa 15 waliopewa walikutwa na ile bakteria nzuri mahali haifai kuwa, damuni na kwengineko, upande wa pili ni mmoja tu. Na zile kapsuli za probayotiki ya hamira, nyumbani waweza kuzifungua uzimimine kwa juisi, lakini zikifunguliwa karibu na kitanda cha ICU ile poda yaruka, huioni, yaenda yakaa kwa vidole na kwa kiungio cha laini ya shingoni, na hamira ikaingia damuni. Kwa hivo kapsuli usifungue ndani ya ICU. Hata ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Zinki, kalsiamu, magnesi. Hizi zina ujanja wake mbaya: zikikutana tumboni na antibiotiki kama siprofloksasini zinashikana nayo, dawa haiingii damuni, mgonjwa anakuwa anapewa antibiotiki kwa chati na ndani ya mwili hana ya kutosha. Hata maziwa ya paipu yanafanya hivo, ndo maana utatuona tumesimamisha chakula kwa muda kabla na baada ya dawa fulani, ya kifafa inayoitwa fenitoini ni mojawapo. Ukikuta chakula kimesimama uliza, usipige kelele, na usikifungulie.

Habasoda, mlonge, asali, maji ya aloe. Sitakwambia havina faida, mimi mwenyewe habasoda natumia nyumbani. Lakini baadhi yavyo vyaweza kushusha sukari na presha, na mgonjwa tayari yuko kwa insulini na dawa za presha tunazozipima kwa mililita kila saa, wewe ukiongeza kijiko kimoja kwa siri sisi twaona namba kwa monita zinaruka na hatujui kwa nini.

Sasa usidhani basi hakuna nyongeza inayofaa. Zipo. Vitamini B1 nimeshaitaja. Fosfeti na potasiamu zikishuka lazima zirudishwe. Mgonjwa aliyeungua sana na moto anapoteza madini kwa vidonda, anapewa shaba, zinki na seleniamu kwa mpango. Mgonjwa anayelishwa kwa mshipa lazima apewe vitamini kila siku manake mfuko peke yake hauna. Tofauti ni kuwa hizo zimepimwa, zina sababu, na zimeandikwa kwa chati. Swali lako liwe: "kuna kitu amepimwa kimepungua, na mmemrudishia?" Hilo ni swali zuri kuliko mikebe yote.

Hatua ya nne: zamzam na kombe

Naliandika kwa heshima kwa sababu ni la imani na mimi ni mtu wa hapa hapa. Mgonjwa aliyelala dawa ama asiyejitambua hamezi. Chochote kioevu ukikitia mdomoni, hata kijiko kimoja cha chai, kinaweza kushuka njia ya hewa mpaka kwa mapafu, kikabeba vijidudu vya mdomoni. Siku mbili baadaye yaweza kuwa homa, makohozi ya kijani, eksirei nyeupe.

Kwa hivo ukileta zamzam mwite nesi, mwambie unataka mgonjwa aguswe nayo, atachovya kipamba ama gozi safi akipake midomo, kiwe kimekamuliwa kisitiririke. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, hivo hivo, mpake kwenye paji la uso ama mkono ambao hauna dripu, mbali na plasta na vidonda. Soma dua utakavyo. Sijaona nesi wa Mombasa atakayekukatalia hilo ukiomba, lakini nimewaona waliotia kwa siri na pazia limevutwa.

Na mdomo wenyewe usafishwe, kupigwa mswaki kila siku hupunguza nimonia. Leta mswaki mpya laini, hicho ndo kitu kizuri cha kubeba.

Hatua ya tano: paipu ya puani na joto la Mombasa

Ntakueleza kisa. Bi mkubwa mmoja alikuwa na mwanawe kwa mashine, ajali ya pikipiki, kijana wa miaka ishirini na kitu. Kila siku anakuja, ananijibu "marahaba mwanangu" kwa sauti ya upole, anakaa anashika mguu wa mtoto. Siku hiyo nikageuka kitanda cha pili dakika chache, kurudi pampu inalia. Nikajaribu kusukuma maji, haisukumi. Nikavuta, sirinji ikarudi na kitu cha kijani kama mchicha uliopondwa. Nikamwangalia, akaanza kulia kabla sijasema kitu. "Mwanangu, ni mlonge kidogo tu, niliuchuja." Alikuwa ameuchuja kweli, kwa kitambaa cha leso yake, na maji aliyochanganyia ni ya chupa aliyoijaza bombani. Ule unga ulivimba ndani ya paipu ukaganda. Ikabidi itolewe iwekwe nyengine, puani pakatoka damu, akapigwa eksirei upya kuhakikisha iko tumboni, chakula kikasimama karibu siku nzima, dawa zake za paipu nazo zikachelewa. Yote hayo kwa vijiko viwili. Yule mama sikumlaumu na mpaka leo simlaumu, hakuna mtu alikuwa amemueleza. Ndo maana naandika.

Basi shika haya. Hakuna kinachoingia kwa paipu kisichopitia kwa nesi. Kila baada ya chakula ama dawa paipu inasukumwa maji, kama mililita 30 kwa mtu mzima, isizibe. Kichwa cha kitanda kiwe kimeinuliwa kati ya digrii 30 na 45, ukikuta kimelala chini na chakula kinaenda sema hapo hapo, mwite yeyote, wewe ni macho yetu ya ziada na wala si kutuingilia.

Kama hospitali inaruhusu chakula kilichosagwa nyumbani, na kuna mahali wanaruhusu kwa sababu fomula, yaani maziwa ya paipu ya dukani, ni bei, basi fuata orodha uliyopewa na mtaalamu wa lishe gramu kwa gramu. Maji ya kuchanganya yachemshwe yapoe, si ya mtungi wa mkokoteni, si ya kisima yenye chumvi chumvi. Blenda ifunguliwe kabisa, ile raba ya chini ioshwe, hapo ndo uchafu hukaa. Na kumbuka joto letu. Chakula kilichosagwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, fomula ya unga iliyochanganywa isining'inie zaidi ya masaa 4, kinachobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma. Mwezi wa pili na wa tatu hapa kisiwani maziwa yaliyoachwa mezani yageuka kabla hujamaliza kusali adhuhuri, sasa fikiria hayo yameingia kwa tumbo la mtu ambaye hana nguvu ya kupigana.

Sukari, kwa ufupi

Utaona tunamdunga kidole kila saa chache hata kama hana kisukari. Mshtuko wa ugonjwa unapandisha sukari. Twataka isipite 10, ile ya kipimo cha milimoli, lakini pia hatuibani sana, utafiti wa NICE-SUGAR wa 2009 wenye wagonjwa 6,104 ulionyesha waliobanwa ikawa chini kama ya mtu mzima mwenye afya walikufa zaidi, asilimia 27.5 dhidi ya 24.9. Kwa hivo asali ya kupaka ulimi, glukosi ya pakiti, soda kwa sirinji, la. Tafadhali la.

Mikono

Sabuni na maji kabla ya kuingia na ukitoka, pete na bangili za kifundoni vua, vyaficha vijidudu chini yake. Saniteza iko ukutani itumie. Usiguse laini ya shingoni hata kuipangusa. Ukiwa na mafua baki nyumbani, piga simu, twaweza kuiweka sikioni kwake akakusikia.

Pesa za mchango

Hili lanikera kusema kweli. Grupu ya watsap ya familia imechanga, watu wa Kisauni wametoa, wa Changamwe wametoa, wa Dubai ametuma, alafu pesa yaenda kwa mikebe minne ya kemisti ambayo yule muuzaji ameapa ni "special ya ICU". Kabla hamjanunua chochote cha kula ama kunywa, ombeni karatasi ya mtaalamu wa lishe ama daktari iliyoandikwa jina la kitu, kiasi na kwa nini. Hakuna karatasi, hakuna kununua. Muulizeni pia afisa wa jamii pale hospitali ni nini SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa, na pesa ya mkononi iwekeni kwa vipimo, damu, na nauli ya mtu mmoja wa kuaminika kuja kila siku kuuliza yale maswali. Mtu mmoja, si kila siku sura mpya, manake kila anayekuja upya anakuja na ushauri wake mpya.

Mpe huyo mtu daftari. Aandike kila siku: ameanza kulishwa tarehe gani, kwa njia gani, ametapika ama kuhara, sukari ya juu kabisa leo, homa, antibiotiki gani na siku ya ngapi, laini ya shingoni ina siku ngapi na bado inahitajika? Hilo la mwisho uliza kila siku kwa upole, laini isiyohitajika ni mlango uliowachwa wazi.

Hatua ya mwisho: ametoka ICU, sasa lete flaski

Akishatolewa mashine na kupelekwa wodini, hapo ndo zamu yako. Na hapo chakula kweli kinaokoa, Waswisi walifuatilia wagonjwa 2,088 wa wodi za kawaida waliokuwa hatarini kwa lishe, matokeo ya 2019, waliopangiwa chakula chao mmoja mmoja walikufa ndani ya siku 30 kama asilimia 7, waliokula tu cha hospitali asilimia 10. Kwa hivo ule moyo wako wa kulisha haukuwa makosa, ulikuwa umekuja mapema tu.

Lakini subiri apimwe kumeza. Aliyekuwa na paipu ya kupumua kooni siku nyingi koo limelegea, anaweza kupaliwa kimya kimya bila hata kukohoa, na maji matupu na supu nyepesi ndo vyapaliwa haraka kuliko kitu kizito. Nesi ama mtaalamu akishasema sawa, anza na vizito laini: uji wa mchele mzito, viazi vilivyopondwa na samaki aliyetolewa miba yote, mayai ya kukoroga. Bokoboko ni chakula cha ajabu kwa mgonjwa kama huyu, nyama yote imesagika ndani ya ngano, protini iko na hakuna cha kutafuna, ila samli punguza na kama figo zilisumbua uliza kwanza kiasi. Kidogo kidogo mara sita kwa siku, si sahani moja ya kumtisha.

Mkalishe wima kabisa, mto nyuma ya mgongo, kidevu kishuke kidogo. Nusu kijiko. Ngoja aone amemeza, mwambie aseme "aaa", sauti ikitoka ya maji maji kama mtu anayesukutua simama, mwite nesi. Ikitoka safi mpe tena. Akishiba mwache akae hivo hivo nusu saa, usimlaze, msafishe mdomo, na kijiko kioshe mwenyewe kwa sabuni urudi nacho nyumbani.